Picha ya Mkono wa Kushoto

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikipima miili ya watoto wa watu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Nina chumba changu katika zahanati moja Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na wagonjwa wangu wengi ni watu wazima walioharibu migongo kwa kukaa ofisini. Lakini kila mwaka joto linapopungua, klabu moja ya mpira wa miguu huniletea vijana wa miaka kumi na mitatu na kumi na minne. Nawaangalia magoti, nyonga, vifundo na uti wa mgongo, kisha kamati ya klabu inakaa na kuamua nani apelekwe katika kituo cha kulea wachezaji kwenye nchi jirani. Huko vijana hukaa bweni, husoma asubuhi, hucheza jioni, na mzazi hutia saini ya miaka minne.

Nilipoanza nilidhani kazi hii ni kama nyingine. Haikunichukua muda kuona tofauti. Mtu mzima akija na goti, namtibu goti alilonalo. Mtoto akiletwa, naulizwa habari za goti ambalo bado halijakuwepo: litabeba mwili wa uzito gani, litastahamili nini, litadumu mpaka lini. Mwaka mmoja nilihudhuria mafunzo ya siku tatu, na mkufunzi wetu alikuwa amefanya kazi miaka mingi Marekani na vijana wa besiboli, ule mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Alitueleza kwamba kule timu kubwa huchagua vijana wakiwa bado shuleni. Wana mashine za kupima kasi ya mkono, wana watu wanaozunguka nchi nzima kutazama watoto, na bado wengi waliochaguliwa kwa shangwe hawafiki popote. Huyu bega linamshinda, yule kiwiko, mwingine anaacha tu kuendelea na hakuna anayejua kwa nini. Nikayaandika yote kwenye daftari, nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba mimi nitakuwa mwangalifu.

Kijana ninayetaka kusimulia habari zake aliletwa kwangu mwaka uliofuata. Alikuwa na miaka kumi na minne na miezi miwili. Alipoingia chumbani nilidhani ni kaka wa mmoja wa wachezaji, kwa sababu sauti yake ilikwisha kuvunjika na juu ya mdomo alikuwa na masharubu mepesi aliyoyaacha kwa makusudi.

"Shikamoo, khalti," alisema, akiniita mama mdogo.

Kwa kawaida vijana huniamkia kwa Kiarabu. Nikamuuliza nani kamwambia kwamba mimi nasema Kiswahili.

"Bibi yangu. Kasema anamjua mama yako tangu Unguja."

Hapo nikamtambua. Bibi yake alikuwa akikaa Darsait, katika jengo la zamani nyuma ya karakana za magari, na kweli yeye na marehemu mama yangu walikuwa wakitembeleana. Mama wa kijana alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko jangwani, wiki mbili kazini na wiki mbili nyumbani, na wiki zote hizo, baba akiwepo au asiwepo, aliyemlea ni bibi.

Nilikwenda kumtazama akicheza, jambo ambalo kazi yangu hainilazimishi. Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, na uwanja ulikuwa umejaa wazazi waliosimama nyuma ya wavu na vikombe vya chai ya karaki mikononi. Kijana alipokea mpira katikati, akawapita wawili kwa mbio tu, akamgonga wa tatu kwa bega na yule mtoto akaanguka chali, kisha akapiga. Kipa hakunyanyua hata mikono. Watu walipiga makofi. Yeye hakushangilia. Alirudi nyuma, akamnyanyua yule aliyeanguka, akampangusa mgongo, na ndipo akarejea mahali pake. Nilimpenda tangu wakati ule, na nataka niseme hivyo mapema, maana yaliyotokea baadaye hayakutokana na uzembe.

Nafasi ya mshambuliaji mwaka ule ilikuwa moja tu. Aliyekuwa akishindana naye ni mtoto kutoka Sib, mdogo wa mwili, shati la mazoezi likimfika mapajani. Huyu alikuwa na tabia ya kugeuza kichwa mara mbili, kulia na kushoto, kabla mpira haujamfikia. Ukimtazama yeye peke yake ungeona kwamba pasi zake zote zilikwenda mahali palipo wazi. Lakini watu walikuwa hawamtazami yeye, na kila mara alikuwa akisukumwa akaanguka.

Aliyenifundisha kumtazama ni kocha wa vijana, Mkenya wa miaka arubaini na kitu, mtu wa magharibi ya Kenya. Alikuwa akikaa Ruwi katika fleti moja na wenzake watatu. Ijumaa asubuhi alikwenda kanisani, na kutoka huko alikuja moja kwa moja uwanjani na viatu vyeusi vinavyong'aa, akivibadilisha ndani ya gari. Alikuwa akiniita daktari. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi si daktari, na kila mara alijibu, "Sawa, daktari."

Klabu ilitaka kila kijana apigwe picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto. Sababu yao ilikuwa moja, kuhakikisha hakuna aliyedanganya umri. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake, na hapo ndipo anapokulia. Kadiri anavyokua, sehemu hizo hujifunga kidogo kidogo, mpaka siku moja zinafungika kabisa na urefu wake unakuwa umekwisha. Anayejua kuzisoma picha hizo anaweza kusema mifupa imefika umri gani, na huo si lazima uwe umri wa cheti.

Mifupa ya mtoto wa Sib ilikuwa nyuma ya umri wake kwa mwaka mmoja. Ya mjukuu wa Darsait ilikuwa mbele karibu miaka miwili. Hakukuwa na udanganyifu wowote. Kijana alizaliwa hospitali ya hapa hapa Maskati na cheti chake nilikiona. Ni mwili tu uliofanya haraka, kama miili ya baadhi ya watu inavyofanya. Kwa klabu, cheti kikishakuwa sahihi, hoja imekwisha. Kwangu mimi picha ile ilisema jambo jingine. Ilisema kwamba kasi ile, bega lile na urefu ule vilikuwa vinakaribia mwisho wake, na kwamba wenzake waliokuwa wakianguka mbele yake walikuwa bado hawajaanza kukua.

Kocha alikuja zahanati siku ya pili yake kuchukua fomu. Nilimwonyesha picha mbili zile ukutani, kwenye kisanduku cha taa. Alizitazama kwa muda mrefu ingawa hakujua kuzisoma.

"Nikwambie ukweli, daktari?" alisema. "Mimi sihitaji hiyo picha. Huyo kijana ni mzuri, sikatai. Lakini ni mtu mzima anacheza na watoto. Umeshawahi kumwona akipita mtu bila kumshinda mbio?"

Akajijibu mwenyewe:

"Hajawahi kuhitaji. Kwa hivyo hajajifunza. Sasa hao wengine wakikua, atafanya nini?"

"Huwezi kujua. Pengine atajifunza."

"Pengine. Na huyu mdogo pengine hatakua, abaki tu hivyo. Mimi sijui. Nasema tu vile naona." Aliziweka fomu ndani ya bahasha. "Lakini wewe uko na karatasi. Mimi nikisema, wataona ni maneno ya kocha tu. Wewe ukisema, watasikia."

Alisema hivyo bila ya kunilaumu wala kunisihi. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba kijana wa Darsait ndiye.

Jumatano ile bibi yake alinipigia simu kuniita. Nilikwenda peke yangu. Nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, nikamkuta ameketi kwenye mkeka sebuleni na sinia la visheti na kahawa mbele yake, na sauti za nyundo za karakana zikiingia kupitia dirisha la jikoni. Tulizungumza habari za mama yangu, za majirani wa zamani, za fulani aliyeolewa Salala. Kijana hakuwepo. Nilijua nimeitwa kwa nini na nilisubiri aniombe nimfanyie wepesi. Hakuomba. Alinimiminia kahawa ya tatu, akasema:

"Mwanangu, mimi sijui mpira. Baba yake anasema akubali, skuli wanasema amalize kwanza masomo yake. Mimi nnakuuliza wewe kwa sababu wewe umemshika miguu yake na mikono yake. Mtoto huyu atafika?"

Ningeweza kumwambia kila kitu. Alikuwa mtu wa akili, angefahamu. Lakini ukutani nyuma yake palikuwa na picha ya binti yake, mama wa kijana, na chini ya picha zilipangwa medali za shule, zile za bati zenye utepe, zikiwa zimepanguswa vumbi asubuhi ile ile. Nilifikiri, nani mimi kumvunja moyo kwa jambo ambalo huenda lisitokee? Nilijiambia kwamba picha ya mfupa si hukumu.

"Inshallah, bibi," nikasema.

Naye akaitikia, "Inshallah," na akafumba macho kidogo.

Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote kwa imani. Siku ile nililitumia kujificha nyuma yake, na mtu aliyekuwa mbele yangu alilipokea kwa imani.

Kamati ilikaa Jumapili katika ofisi ya klabu. Tulikuwa watu sita na kiyoyozi kikinguruma. Nilisoma ripoti zangu moja baada ya moja. Nilipofika kwa kijana wa Darsait nilisema magoti yake mazima, nyonga nzima, misuli ina nguvu kupita umri wake. Mwenyekiti aliuliza kama kuna lolote la kututia wasiwasi.

"Kiafya, hakuna," nilisema.

Lilikuwa jibu la kweli. Nimelirudia kichwani mwangu mara nyingi, na kila mara naliona ni la kweli, na kila mara naona haya. Kocha alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Alinitazama, kisha akatazama karatasi zake. Zamu yake ilipofika alisema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba yeye angemchukua mdogo wa Sib kwa sababu huyo bado ana safari ya kukua. Mwenyekiti alicheka kwa wema. Alimwambia, kocha, tunapeleka mchezaji, hatupeleki mbegu. Wengine wakacheka pia. Walipiga kura kwa kunyanyua mikono, na wangu ulikuwa miongoni mwa iliyonyanyuliwa.

Kijana aliondoka mwezi wa nane. Mwaka wa kwanza habari zilikuwa njema. Bibi alinitumia video kwenye simu, magoli mawili, magoli matatu, na ujumbe wa sauti yake akisema Alhamdulillahi. Mwaka wa pili video zilipungua. Alipokuja likizo aliniambia wenzake wamekuwa wakubwa ghafla, kwamba mabeki aliokuwa akiwaacha sasa wanakwenda naye sambamba. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nikampima urefu kwa kisingizio cha kuangalia uzito. Alikuwa ameongezeka upana wa kidole kimoja tangu siku ya kwanza.

Mwaka wa tatu walimhamishia pembeni, kisha nyuma, kisha benchi. Ili kurudisha kasi yake alianza kufanya mazoezi peke yake alfajiri kabla ya mazoezi ya wote. Hakuna aliyemkataza, na mimi nilikuwa mbali. Siku moja alipokuwa akigeuka, bila ya kuguswa na mtu, kano ya ndani ya goti la kulia ilikatika. Walimfanyia upasuaji huko huko, na upasuaji ulikwenda vizuri. Miezi minne baadaye ilikuja barua ya heshima, ikimshukuru kwa juhudi zake na kumtakia kila la kheri.

Alirudi Maskati na miaka kumi na minane kasoro, na mtihani wa sekondari hakuufanya kwa sababu ya hospitali. Klabu ilimleta kwangu kwa matibabu, kwani hilo angalau lilikuwa katika mkataba.

Miezi mitano alikuja mara tatu kwa wiki. Ni kazi ya kuchosha na yenye maumivu, kulifundisha goti upya kukunjika na kukunjuka. Alifanya kila nilichomwambia. Hakulalamika, hakuuliza atacheza tena lini. Masharubu aliyanyoa. Alipokuwa akitembea kwenye korido na wagonjwa wengine niliona kwamba sasa ni mwanamume wa urefu wa kawaida kabisa, na mtu asiyemjua asingegeuka kumtazama.

Kilichonifanya niseme ni jambo dogo. Mchana mmoja alikuwa amelala kwenye kitanda cha matibabu, nami nikilikunja goti lake taratibu, akasema akitazama dari:

"Khalti, nilikosea wapi?"

"Kwa nini wasema ulikosea?"

"Kwa sababu nilikuwa bora kuliko wote. Wewe uliona. Wao wakaendelea, mimi nikabaki. Lazima kuna kitu nilifanya. Au sikufanya."

Nilimwambia akae. Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake, na nikamweleza yote, polepole, kama ninavyoeleza sasa. Nikamweleza habari za mifupa, za picha, za kocha na maneno yake, za siku niliyokwenda Darsait na za siku ya kamati. Nilimwambia kwamba hakukosea popote. Mwili wake uliwahi tu kufika pale ambapo wenzake walifika baadaye.

Kisha akauliza kama picha bado ninayo. Nilikuwa nayo kwenye faili. Niliiweka kwenye kisanduku cha taa, naye akasimama mbele yake akiwa na bandeji gotini, akautazama mkono wake wa utotoni.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua linaloweza kuwa. Sikujua litakalokuwa."

"Ungeniambia, ningekwenda vile vile," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na minne, nani angenizuia? Lakini ningejua nnakwenda na nini. Ningejifunza kitu kingine nilipokuwa bado naweza. Pasi. Kusoma. Chochote." Aligeuka. "Mimi miaka mitatu nnajiona mvivu, khalti."

Nilimwomba msamaha. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba kwa uangalifu, akaniaga "Fi amanillah" kwa sauti ya chini, akatoka. Mara mbili zilizofuata hakuja.

Aliyekuja ni bibi yake. Alipanda teksi kutoka Darsait, akaingia chumbani kwangu bila ya miadi, akakataa kiti. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno makali, na ningeyapokea. Hakuyasema.

"Mwanangu, mimi nlikuuliza," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Sikukuuliza unipe matumaini. Matumaini nlikuwa nayo tele. Nlikuuliza ulichokiona."

Nililia mbele yake, mimi mtu mzima niliyevaa koti jeupe. Alingoja nimalize. Hakunikumbatia na hakuniambia kwamba si kitu. Alinipa kitambaa kutoka mkobani, kisha akaniuliza goti la mjukuu wake limebakisha nini ili lipone, na kama akikatisha sasa litaharibika. Nikamwambia limebaki miezi miwili, na ndiyo, litaharibika. Akasema atamleta yeye mwenyewe. Na alimleta, Jumanne iliyofuata, akakaa kwenye kiti cha korido na tasbihi yake mpaka tulipomaliza, na akafanya hivyo kila mara mpaka mwisho.

Katika miezi ile miwili mimi na kijana tulizungumza machache tu. Hesabu za mazoezi, maumivu kutoka moja mpaka kumi. Siku ya mwisho alinishika mkono. Alisema amejiandikisha kumaliza sekondari kwa masomo ya jioni, na kwamba hatarudi uwanjani, na kwamba hilo la pili ameamua yeye mwenyewe. Leo ana miaka ishirini na miwili. Anafanya kazi na wapima ardhi. Anazunguka na vyombo vyao kwenye viwanja vipya huko nje ya mji, na goti lake linapanda vilima bila ya shida. Tukikutana hunisalimu vizuri. Haniiti tena khalti. Siku hizi ananiita ukhti, dada, kama anavyomwita mwanamke yeyote, na nimeuelewa umbali huo, sikumwomba aupunguze.

Watu wanaoijua habari hii huniuliza kuhusu yule mdogo wa Sib, wakitaraji nitasema amekuwa nyota. Hakuwa. Baada ya kukataliwa alicheza mwaka mmoja zaidi, kisha baba yake akamtoa ili asome. Nilimwona mara moja tu, kwenye maegesho ya duka kubwa, akimsaidia mama yake kupakia vitu garini. Alikuwa mrefu sana, ikabidi ainame kufunga buti la gari. Nilisimama na funguo mkononi nikimtazama mpaka mama yake akaniangalia kwa mashaka.

Nilimweleza kocha. Sikuwa nimemwona kwa muda, kwa sababu klabu haikumwongezea mkataba na alikuwa akifundisha watu kunyanyua vyuma katika ukumbi mmoja wa mazoezi. Tulikutana Ruwi, katika mkahawa wa Kihindi karibu na kituo cha mabasi, wiki moja kabla ya yeye kurudi kwao moja kwa moja. Nilidhani habari ya urefu wa yule mtoto itamfurahisha.

"Hapana," alisema. "Usiseme nilikuwa sawa. Labda angeenda na yeye pia avunjike goti. Labda angeenda amkumbuke mama yake, arudi baada ya mwezi. Mimi sikusema atafika. Nilisema tu alikuwa bado."

"Ningesema siku ile ya kamati, wangemchukua?"

Alikoroga chai yake. "Labda hapana. Mwenyekiti alikuwa ameamua."

"Basi ingekuwa sawa sawa."

"Si sawa," alisema bila ukali. "Mimi nilisema na nikashindwa. Nililala. Wewe ulilala?"

Nikamwambia sikulala.

Akacheka kidogo, akaniuliza kama ninajua mahali pazuri pa kununulia mabegi ya safari, na tukayazungumza hayo mpaka chai ikapoa.

Klabu bado inaniletea vijana. Nilitaka kuacha, na mwaka mmoja niliacha, lakini aliyeshika nafasi yangu alijaza fomu tu na kuzirudisha. Nikaomba nirudishwe, kwa sharti moja: kabla ya kamati kukaa, mzazi na mtoto waje pamoja chumbani kwangu, niwawekee picha kwenye taa na kuwaeleza ninachokiona na nisichokiona. Mwenyekiti mpya alikubali, ingawa hakupendezewa. Wazazi wengine hukasirika. Baba mmoja alinishitaki kwamba ninawavunja moyo watoto. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akamtoa mwanawe kwenye orodha, na mwaka uliofuata akanipigia simu kuniambia mtoto hamsemeshi. Nilimwambia pole, na kwamba mimi pia sijui.

Wiki iliyopita alikuja baba na mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Picha yake iko sawa na umri, hakuna la kutisha wala la kutia tamaa. Baba alisikiliza, akauliza maswali yake, kisha akamtuma mtoto nje akalete maji. Mlango ulipofungwa aliniuliza:

"Angekuwa wako, ungemwachia aende?"

Nilifikiri kwanza. Nilimwambia kwamba ningemwuliza yeye anataka nini, na ningekwenda kumtazama kila likizo, na ningehakikisha kitabu hakiwekwi chini. Nilimwambia kwamba hata nikifanya yote hayo bado ningekuwa na khofu.

Mtoto alirudi na chupa tatu za maji, moja yangu. Baba akamsogezea kiti karibu na taa, akamwambia akae, na akaniomba nieleze tena tangu mwanzo, kwa sababu safari hii alitaka mtoto ndiye asikilize.